Harusi ya Bwana Pukusa

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja. Si kwamba naogopa. Wenyewe hawapendi kutajwa kabla itifaki haijazingatiwa, na mimi sijui kuizingatia. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoifahamu, nawaomba radhi wote wawili, yeye na nchi yake. Nitaeleza nilivyoona tu. Pale nisipoelewa nitaacha kama palivyo, maana huenda wenye nchi walikuwa na sababu zao.

Serikali ya nchi hiyo ilipenda mawazo mapya. Iliyapenda kuliko barabara. Ilikuwa na Mamlaka nzima ya Kulea Mawazo Machanga, yenye jengo la ghorofa, bustani ya maua, na chemchemi iliyorusha maji siku za wageni. Juu ya mlango paliandikwa kwa herufi kubwa: LETE WAZO LAKO, MENGINE TUACHIE SISI. Na kweli, watu wengi waliopeleka mawazo yao pale waliwaachia.

Mwaka ninaouzungumzia, mlangoni hapo alifika mwanamke mmoja kutoka wilaya za mahindi, jina lake Sikudhani Mbwego. Alikuwa fundi baiskeli. Watu wa kwao walisema hiyo si kazi ya mwanamke, mpaka walipopata pancha.

Mama yake, Bi. Chiku, alikuwa akipukuchua mahindi ya majirani kwa ujira. Kila mavuno alikaa uani na gunia mbele yake, akisukuma punje kwa vidole gumba, hadi vidole vikapinda na kugoma kunyooka. Mganga wa zahanati alivitazama kwa muda, akasema msimu mmoja wa namna hiyo tena na Bi. Chiku hataweza kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe.

Sikudhani alirudi uani, akachukua baiskeli mbovu, pipa na vipande vya nondo, akatengeneza mashine. Unakaa kwenye kiti, unakanyaga pedeli, unatia hindi mdomoni mwa pipa. Punje zinatokea huku, gunzi linatokea kule. Ilifanya kazi. Tatizo lilikuwa beringi. Ilikuwa ya baiskeli, ndogo, na baada ya debe moja ilipata moto na kutoa moshi.

Alitaka beringi moja kubwa, ya kweli. Halafu alitaka kujua mambo mawili kabla ya mavuno: je, mashine itahimili kazi ya msimu mzima, na je, watu watalipia? Hakuwa na tamaa zaidi ya hiyo. Akaona majibu hayo hayatapatikana kwa kukaa nyumbani, akapanda basi kwenda Mamlaka.

*

Alipokewa na Afisa Mawazo Daraja la Pili, kijana mpole aitwaye Tumsifu, mwenye tai na mzani.

"Karibu dada. Wazo liko wapi?"

"Nimeliacha nje, lina magurudumu."

"Hapana, wazo. Karatasi."

Sikudhani akatoa karatasi mbili alizoandika kwa mkono. Tumsifu akaziweka juu ya mzani. Mshale haukutikisika. Akazitoa, akazipuliza vumbi, akaziweka tena.

"Dada yangu, hili halitaishi."

"Mbona mnapima kwa mzani?"

"Zamani tulikuwa tunasoma," alisema Tumsifu kwa huzuni. "Kukawa na malalamiko kwamba kuna upendeleo. Mzani haumjui mtu. Jana mwenzako kaleta wazo lenye jalada gumu na picha za rangi, tulilibeba watu wawili."

"Lilihusu nini?"

"Kuhusu nini tena? Nimekwambia hatusomi."

Niliona kuna haki fulani katika utaratibu huo, na sitaki kuuhukumu haraka. Sikudhani alirudi nyumbani, akaongeza nyuma ya karatasi zake ratiba za mabasi, matangazo ya bei za mazao, na kalenda nne za zamani. Mzani ukaridhika. Akapangiwa siku ya kujaribiwa mbele ya jopo la majaji.

*

Majaribio yalifanyika katika ukumbi wa hoteli, kwa sababu Mamlaka iliamini kwamba wazo haliwezi kuonekana vizuri mahali pasipo na viyoyozi. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Dokta Gaspari Ntundu. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, naye aliuheshimu sana.

Sikudhani aliingiza mashine yake na gunia la mahindi. Mlangoni akazuiwa.

"Mashine sawa," alisema mhudumu. "Mahindi hapana. Zulia hili limetoka nje ya nchi."

Kwa hiyo mashine ikajaribiwa bila mahindi. Sikudhani alikaa akakanyaga, pipa likazunguka, na kwa kuwa halikuwa na kitu ndani lilizunguka taratibu, bila kelele wala vumbi. Majaji walipiga makofi. Wengine walisimama.

"Nimefurahi," alisema Dokta Ntundu. "Nimeona usafi. Nimeona utulivu. Swali langu ni moja: kuna ulazima wa mahindi?"

"Ni mashine ya kupukuchua mahindi, mheshimiwa."

"Nimekuelewa. Nauliza tu katika muktadha wa kupanua soko."

Jaji wa pili, mama mmoja aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, akauliza kama mashine ina programu ya simu.

"Haina, mheshimiwa."

"Sasa mkulima atajuaje kwamba mahindi yake yameshapukuchuliwa?"

"Atayaona."

Majaji wakatazamana, wakaandika. Kisha Dokta Ntundu akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa uamuzi.

"Wazo hili ni zuri, tena ni zuri kwa maana pana ya uzuri. Lakini halina ushahidi wa kuungwa mkono na jamii. Nenda kwa jamii kwanza. Jamii ikuchangie, kamati iundwe, picha zipigwe. Hapo Mamlaka itakuja kwa nguvu zake zote."

"Mheshimiwa, wakishanichangia nitakuwa nimeshapata beringi. Nimekuja hapa kwa sababu sijaipata."

"Binti, tuelewane. Mamlaka haiwezi kuwa ya kwanza. Tukiwa wa kwanza na mambo yakaharibika, nani atakubali kuwa wa pili?"

Sikudhani akaisukuma mashine yake nje.

*

Watu wa nchi hiyo si wachoyo, na nisingependa wafikiriwe hivyo. Ni wakarimu kupita kiasi. Sikudhani alipopita nyumba kwa nyumba akieleza habari ya beringi, wote walimkaribisha, wakampa chai, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamsindikiza mpaka barabarani. Hakuna aliyetoa kitu.

Jirani yake, Bwana Faraji Mkumbwa, ndiye aliyesema wazi. Huyu alikuwa mstaafu wa shirika la reli ambaye sasa kazi yake ilikuwa uenyekiti. Hapakuwa na harusi wilayani ambayo hakuongoza kamati yake.

"Biashara iwe yako, mchango niutoe mimi? Hebu kuwa na haya kidogo, Sikudhani. Siku ukiolewa nistue, utaniona nilivyo."

Jioni hiyo Sikudhani alikaa uani na shangazi yake, Bi. Mwajabu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Bi. Chiku alikuwa pembeni amelowesha vidole kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mahindi shambani yalikuwa yameanza kukauka.

"Umekosea kuomba, mwanangu," alisema shangazi. "Umeomba mchango wa mashine. Nani umemwona akichangia mashine? Watu wanachangia harusi."

"Lakini siolewi, shangazi."

"Kwani nani kakwambia uolewe? Nimesema harusi."

Sikudhani akaitazama mashine. Shangazi naye akaitazama, akazunguka nyuma yake, akaligonga pipa kwa kiganja kama mtu anayechagua sufuria.

"Huyu ana kwao?"

"Nimemtengeneza hapa hapa."

"Basi mahari haina safari. Anakunywa?"

"Oili kidogo."

"Siku hizi nani hanywi kidogo. Anapiga?"

"Hapana."

"Kazi anafanya?"

"Ukimkanyagia pedeli."

Shangazi akashusha pumzi. "Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, nilimkanyagia miaka yote ile hakuzunguka hata mara moja. Olewa, mwanangu. Hutapata kama huyu."

Bi. Chiku, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliinua macho kwenye beseni. "Ana jina?"

"Bwana Pukusa," alisema shangazi papo hapo. Na ikawa hivyo.

*

Tangazo lilipotoka, Bwana Mkumbwa alikuwa mtu wa kwanza kufika, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuwahi mahali. Kamati iliundwa siku hiyo hiyo katika Baa ya Tulizana. Chini yake ziliundwa kamati ndogo za chakula, vinywaji, mapambo, usafiri, keki, na ulinzi na nidhamu. Watu walioshindwa kutoa hata sarafu kwa ajili ya beringi sasa waligombana kwa sababu majina yao yamechelewa kusomwa.

Hakuna aliyeuliza bwana harusi ni nani mpaka vikao vilipokaribia kwisha. Hata hapo aliyeuliza alikuwa mjumbe wa usafiri, akitaka kujua kama ataenea kwenye gari.

"Ana magurudumu yake," alijibu Sikudhani.

"Safi sana," alisema mjumbe, akaketi. "Vijana wanaojitegemea ni wachache."

Viongozi wa dini, kwa busara zao, walisema jambo hilo haliwahusu. Mshereheshaji akawatoa watu hofu: katika harusi za sasa wao hupewa nafasi fupi tu kabla ya muziki, kwa hiyo pengo lao halitaonekana.

Mjadala mkubwa ulikuwa wa sare. Upande mmoja ulitaka rangi ya maziwa, upande mwingine damu ya mzee, na marafiki wa tangu shule wakaacha kusalimiana. Sikudhani alihudhuria kila kikao. Alikaa nyuma, akasikiliza yote, na mwisho alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, na beringi?"

"Hilo ni la baada ya harusi, bibi harusi," alijibu Bwana Mkumbwa kwa upole wa baba. "Tusichanganye mambo."

Nilijitahidi kufuatilia mapato na matumizi ya kamati. Nilichoelewa ni kwamba vikao vilihitaji vinywaji, vinywaji vililipiwa na michango, na michango ilipopungua kiliitishwa kikao. Ulikuwa mfumo uliokamilika, usiohitaji kitu kingine chochote kutoka duniani, hata harusi yenyewe.

Ndugu wa mashambani hawakuwa na fedha mkononi. Wao walileta mchango wao kama walivyouvuna: mahindi mapya katika magunzi yake, magunia kwa magunia, yakapangwa nyuma ya jiko la ukumbi. Kamati iliwashukuru kwa baridi na kuwaandalia viti karibu na choo.

*

Siku ya harusi Bwana Pukusa alipendeza. Kamati ndogo ya mapambo ilimpaka rangi nyeupe mwili mzima, ikamfunga utepe kwenye pedeli, ikamjaza waridi za plastiki mdomoni. Mpambe wake alikuwa pampu ya maji kutoka shamba la jirani, kwa sababu desturi inataka mpambe awe rika la bwana harusi. Wote wawili waliketi meza kuu bila kutabasamu, na akina mama walisifu adabu yao.

Mgeni rasmi alikuwa Dokta Ntundu. Kadi ilisema saa nane. Watu wa nchi ile wanajua kusoma kadi, kwa hiyo walikuja saa kumi. Yeye anajua zaidi yao, akaja magharibi. Aliingia na msafara, akasimama, akatoa hotuba.

"Itifaki imezingatiwa. Ndugu zangu, leo ni siku ya kihistoria katika historia. Mamlaka yangu ilimwambia binti huyu: nenda kwa jamii. Akaenda. Naomba niulize swali gumu: bila sisi kumwambia aende, angekwenda? Kwa hiyo mafanikio haya, kwa unyenyekevu mkubwa, nayapokea."

Vigelegele. Kisha ikaletwa hundi ya mfano. Ilikuwa ya ubao mwembamba, kubwa kama mlango, imebebwa na maofisa wanne, Tumsifu akiwa kona ya nyuma kushoto. Sikudhani alishika upande mmoja, Dokta upande mwingine, pedeli ya Bwana Pukusa ikaegeshwa katikati, picha ikapigwa. Halafu hundi ikarudishwa kwenye gari, kwa sababu ilikuwa na shughuli nyingine wilaya ya pili.

"Mheshimiwa," Sikudhani alinong'ona, "na beringi?"

"Baada ya harusi," alinong'ona Dokta, macho yake yakiwa kwenye kamera.

Chakula kikaanza kugawiwa kutoka meza kuu. Kikapita kwa msafara, kwa kamati, kwa kamati ndogo, na kilipokaribia choo kilikuwa kimebaki mvuke. Ndugu wa mashambani walikaa na sahani tupu mapajani. Wakaanza kunung'unika.

"Tumekuja harusini au kwenye mkutano wa hadhara?"

"Wali wetu umepanda V8, mwenzangu. Unausikia unavyonguruma?"

Mpishi mkuu akatoka jikoni akipangusa jasho. Maharage yalikuwepo, yameiva. Mahindi yalikuwepo, magunia tele. Angeweza kupika kande ya kutosha ukumbi mzima, na watu wangesubiri, kwani walishamsubiri mgeni rasmi.

"Lakini ni mahindi mazima," alisema. "Nani atayapukuchua?"

Hapo Bi. Chiku akainuka kwenye kiti chake cha mama wa bibi harusi. Hakuna aliyemwita. Alikunja mikono ya gauni jipya, kwa shida, maana kifungo cha mkono kilimshinda akakiacha, akaanza kutembea kuelekea kwenye magunia. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote na miguu ilijua njia.

Sikudhani alimwona. Alisimama, akamfuata bwana harusi, akachomoa waridi za plastiki mdomoni moja baada ya nyingine na kuzitupa juu ya meza kuu. Akapandisha shela mabegani, akakaa kwenye kiti.

"Mama, kaa chini!" alipaza sauti. "Leteni gunia!"

Mshereheshaji, ambaye alikuwa hajafuatilia, alishika kipaza sauti: "Na sasa mabibi na mabwana, bibi harusi na bwana harusi wanatufungulia muziki!"

Hindi la kwanza likaingia. Pipa likanguruma. Punje zikaruka kama mvua ya mawe, zikaipiga keki, zikaigonga miwani ya mgeni rasmi, zikamwagika mezani na sakafuni, njano tupu, safi, nzima. Kisha kutoka upande wa choo kikapanda kigelegele ambacho hakikuwa cha ratiba.

Gunia la kwanza likaisha. La pili likaanza. Katikati ya la tatu Sikudhani akasikia harufu anayoijua, akaona uzi wa moshi kwenye ekseli. Akageuka huku na huku. Kitu chenye mafuta kilichokuwa karibu kilikuwa keki. Akachota siagi ya ghorofa ya juu kwa kiganja, akaipaka kwenye beringi.

"Ghorofa ya juu ni ya wazazi!" alipiga kelele mjumbe wa keki.

"Wazazi wameruhusu," alisema Bi. Chiku.

Alikuwa ameketi. Kwa mara ya kwanza katika mavuno yoyote alikuwa ameketi, mikono imelala mapajani, anatazama punje. Ghorofa zote za keki zilikwenda kwenye beringi, na magunia yote yakaisha. Watu walikula kande usiku huo mpaka wakalegeza mikanda. Na Sikudhani, akiwa na siagi hadi viwikoni, alikuwa amepata jibu la swali lake la kwanza: mashine inahimili, ila kwa keki. Kwa msimu mzima itataka beringi.

*

Alipokwenda Mamlaka, Tumsifu alimpokea kwa mikono miwili.

"Hongera dada! Nilikula kande, nilirudia. Ila kuna kikwazo kidogo. Sisi tunalea mawazo machanga. Lako limeoa."

"Limeoa kwa sababu mliniambia niende kwa jamii."

"Na ulikwenda vizuri. Lakini wazo lenye mke ni wazo zima. Siwezi kuliandika changa, nitaonekana nimekula rushwa."

"Nani analea mazima?"

"Mazima yanajitegemea, dada."

Sikudhani alirudi nyumbani. Akakuta foleni uani.

Habari za harusi zilikuwa zimeenea na mavuno yalikuwa yamefika. Akina mama walikuja na mahindi kwa ndoo, kwa beseni, kwa toroli. Waliingia wakiimba.

"Hodi! Tumekuja kumsalimia shemeji!"

"Shemeji hajambo? Mbona kakonda?"

Walimwaga mahindi, wakakanyaga pedeli kwa zamu, wakapiga soga, wakabeba punje zao, wakaaga. Hakuna aliyelipa. Bwana Mkumbwa alileta mkokoteni mzima.

"Bwana Mkumbwa, hii ni kazi," alisema Sikudhani. "Ina malipo yake."

"Malipo?" Mwenyekiti alishika kifua. "Mimi niliyemsimamia mpaka akapata mke, leo anitoze?"

"Shemeji gani huyo anayetoza watu wa kwao?" wakadakia akina mama. "Mwenyewe ukimtazama hana neno. Ni mke anayemharibu."

Hapo Sikudhani alielewa alichokifanya. Alitaka kujua kama watu watalipia mashine, na akaifanya kwanza kuwa ndugu yao. Sasa mashine ilipendwa na wilaya nzima, ilikuwa na shemeji na wakwe kila kijiji, na kwa sababu hiyo hiyo haikuwa na mteja hata mmoja. Beringi ilitoa moshi kutwa. Keki hakuna. Alihesabu magunia yaliyosalia mashambani, akaona itakufa kabla ya mavuno kwisha, na mama yake atarudi kwenye beseni.

Akatangaza kwamba anataka talaka. Kabla jua halijazama iliundwa kamati ya usuluhishi, yenye kamati ndogo ya vinywaji.

*

Usuluhishi ulifanyika uani, wajumbe wamekaa kwenye magunia yao. Bwana Mkumbwa alifungua kikao kwa kuwakumbusha wanandoa umuhimu wa kuvumiliana. Bwana Pukusa hakupinga. Shangazi Mwajabu alisikiliza, akitafuna kashata, mpaka mwenyekiti aliposema, "Maana harusi ile, ndugu zangu, ilikwisha kwa amani."

"Ilikwisha lini?" aliuliza shangazi.

"Siku ile ile, Bi. Mwajabu."

"Kamati ilivunjwa?"

Msomaji ajue kwamba katika nchi hiyo harusi haimalizwi na wanandoa, humalizwa na kamati, kwa sherehe ya mwisho iitwayo kuvunja kamati, ambapo wajumbe hula na kunywa na kupongezana. Kabla ya sherehe hiyo hakuna kilichokwisha.

"Hatukuvunja," alisema Bwana Mkumbwa taratibu. "Fungu la kuvunjia tulilinywa kwenye vikao."

"Kwa hiyo wewe bado ni mwenyekiti?"

Uso wa mzee ukang'aa. "Mimi? Naam. Bado ni mwenyekiti."

"Na harusi bado inaendelea."

"Kwa taratibu zetu, inaendelea."

"Basi mnaingiaje kwa bwana harusi bila kifungua mlango?"

Shangazi alikwenda getini, akaweka kigoda, akakaa, akatandaza kanga mapajani. Wajumbe walitazamana. Kumlipa fundi kwa kazi yake kungekuwa ni kuvunja undugu. Lakini kifungua mlango! Hakuna mtu mzima katika nchi ile aliyewahi kupita mlango wa harusi bila kutoa, wala aliyetaka kuonekana ametoa kidogo kuliko jirani.

Bwana Mkumbwa alitoka nje ya geti, akapiga hodi upya, akatoa noti na kuipunga ili wote waone.

"Mwenyekiti mwenyewe huyo!" alipiga kigelegele shangazi. "Mwenzake yuko wapi?"

Walipanga foleni. Walilipa wakicheka, wakataniana, wakashindana. Kabla ya wiki kwisha beringi kubwa ilikuwa imefungwa, na Bwana Pukusa akazunguka kimya kama alivyozunguka juu ya zulia la hoteli, isipokuwa sasa alikuwa na mahindi ndani. Bi. Chiku alipewa kazi ya kukaa karibu na kusema punje zipi ni chafu. Vidole havikunyooka, lakini havikupinda zaidi. Asubuhi hufunga vifungo vyake mwenyewe, hadi cha mkono, na hapendi kuharakishwa.

Habari zilifika Mamlaka. Tumsifu alizichunguza kisheria, akagundua kwamba kama harusi haijaisha, wazo halijaoa, na kama halijaoa bado ni changa. Dokta Ntundu akaja kwa nguvu zake zote: magari, kamera, utepe, mkasi, na hundi ya mfano.

Getini alimkuta shangazi.

"Kifungua mlango, mheshimiwa."

"Mama, mimi ni Mkurugenzi Mkuu."

"Hongera. Kifungua mlango."

Dokta alijipapasa mifukoni, akawatazama maofisa wake, nao wakajipapasa. Watu waliokuwa kwenye foleni walianza kukohoa. Hatimaye, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine mkononi, akaitoa hundi. Shangazi aliipokea, akaigonga kwa kiganja, akaona ubao ni mzuri, akamwomba Tumsifu asaidie kuilaza juu ya lundo la punje uani. Mawingu yalikuwa yameanza kutanda, na ilitosha kabisa kulifunika.

Dokta Ntundu akaingia. Alimtazama Bwana Pukusa akifanya kazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akageukia kamera.

"Sasa, mama," alisema, "Mamlaka inapenda kuzindua rasmi mradi huu, kuusajili, na kuuweka chini ya uangalizi wangu. Tupange lini?"

Shangazi alikuwa anamfungulia geti mtu mwingine. Hakugeuka.

"Hilo ni la baada ya harusi, mheshimiwa," alisema. "Tusichanganye mambo."